Mito ya Benchi la Ubavuni

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa vestri, chumba cha kuvalia majoho, Mama Mito alibisha hodi. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe, umefungwa kwenye kona ya leso, na humo ndani hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Hata hivyo aligonga kwa kidole cha kati, taratibu, akasimama kidogo kama mtu anayewapa wenyeji nafasi ya kujisitiri, ndipo akaingiza ufunguo. Wanakwaya waliomwona walimcheka.

"Mama, unaogopa kumfumania nani humo? Panya?"

"Panya ni ninyi mnaotafuna mishumaa yangu," alijibu, na mchezo ukaishia hapo.

Jina lile alipewa na kazi yake. Alikuwa mtunza mito ya kupigia magoti ya Kanisa Kuu la Anglikana, jengo la mawe la zamani, lenye mnara mweusi kwa moshi na mvua. Upande mmoja wa kanisa ilikuwa mahakama, upande wa pili wizara, na mbele yake barabara pana ya magwaride. Wakubwa wa nchi, hata wasiokanyaga kanisani mwaka mzima, waliletwa pale kubarikiwa wakishaapa, waliombewa pale wakiugua, na majeneza yao yalipitishwa pale kabla ya kwenda kaburini. Kuta zilijaa vibao vya shaba. Juu magavana wa kigeni waliokufa kwa homa, chini yao mawaziri waliokufa kwa maradhi ambayo kibao hakikuyataja. Redio ya taifa ilikuwa na nyaya zake za kudumu nyuma ya kinanda. Kengele ikilia siku isiyo Jumapili, watu wa sokoni walishusha mizani na kuulizana, "Nani tena?"

Sasa, Waanglikana hupiga magoti, na sakafu ya mawe haina huruma. Kwa hiyo kila mwenye kuketi alikuwa na mto wake mdogo, umetundikwa kwenye ndoano nyuma ya benchi la mbele. Mama Mito aliishona yote kwa mkono wake, kwa shazia ndefu ya kushonea magodoro, akaijaza sufi. Sufi si kama sponji. Ukiipigia magoti inabaki imebonyea mpaka mtu aje aipige na kuivuruga kwa vidole. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku: benchi kwa benchi, anashusha mto, anaupiga pap pap, anaufinya kwenye pembe, anautundika.

Kwa kazi hiyo aliwajua watu kwa magoti yao. Alimjua jaji mwenye goti moja zito kuliko lingine. Alimjua mjane ambaye hakutulia, mto wake umechimbika kote kote kama shamba la viazi. Aliwajua pia wanaojifanya, wanaoinamisha kichwa tu huku makalio yamebaki kwenye benchi.

"Yule waziri wa safu ya pili," alimwambia mhudumu mkuu, "mto wake mpya tangu nilipoushona."

"Anaomba kwa kifua," mhudumu akasema.

"Kifua kipi? Lile ni tumbo."

Mhudumu mkuu alikuwa bwana mrefu, mwembamba, anayetangulia maandamano ya ibada akiwa ameshika fimbo ya fedha. Kwaya walimwita Mlingoti. Yeye na Mama Mito walizeeka pamoja humo ndani, na hakuna alichomficha wala alichofichwa, isipokuwa habari ya benchi la ubavuni. Habari ile waliizunguka kama watu wanaozunguka shimo barabarani.

Benchi lenyewe lilikuwa kando, karibu na mlango mdogo unaotokea uani. Hakuna aliyekalia pale. Haikuwahi kutangazwa. Hata sikukuu kubwa, watu wakisimama mpaka nje, benchi lile lilibaki tupu, na mgeni asiyejua akilikalia aliinuka mwenyewe baada ya muda, akijisugua mikono kama aliyepitiwa na ubaridi.

Na bado, kila asubuhi mito yake ilikuwa imebonyea.

Mama Mito aliipiga na kuinyoosha jioni, akafunga milango yote. Asubuhi akabisha hodi, akaingia, akaikuta imebonyea upya, safu nzima, magoti mawili mawili. Ila mto wa mwisho, ulio karibu kabisa na mlango. Ule ulikuwa na shimo moja tu, upande wa kulia, refu, lililozama. Aliingiza kiganja humo. Kulikuwa na joto kidogo, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Umeamkaje, baba," alisema kwa sauti ya chini, kama dada anavyomwita mdogo wake akimbembeleza. Kisha akaupiga mto, pap pap.

Mdogo wake alikuwa seremala. Wazazi walikufa mapema, yeye akamlea kwa uji na makofi. Akiwa mtoto alianguka kutoka kwenye paa, na tangu siku hiyo goti lake la kushoto halikukunjika. Kanisani alishusha goti la kulia tu, mguu wa kushoto akaunyoosha pembeni, watu wakijikwaa juu yake.

"Wewe unamwomba Mungu nusu nusu," dada yake alimtania.

"Naye ananipa nusu nusu, dada. Tuko sawa."

Ilikuwa zamani, wakati wa vurugu. Watu walikuwa wanapotea mitaani, anayeaga anakwenda dukani harudi, na Jumapili moja Askofu wa wakati ule alipanda mimbarini akayasema hayo waziwazi, redio ikiwa imewashwa. Redio ilikatwa. Ibada ikaendelea. Wakafika kwenye sala, watu wote wakapiga magoti, wakafumba macho.

Mlango wa ubavuni ulifunguliwa bila kulia. Seremala mwenyewe ndiye aliyekuwa ametia grisi bawaba zake wiki ileile, maana zilikuwa zinakera kwaya. Askari waliingia na buti zilizofungwa matambara. Afisa kijana aliyewaongoza alibaki mlangoni, akanyoosha kidole kwenye benchi la karibu. Watu wa benchi lile hawakuwa wametenda lolote zaidi ya wengine. Walikuwa karibu tu. Walitolewa mmoja mmoja, mkono mdomoni, huku kanisa zima likiitikia sala. Waliposema Amina na kufumbua macho, benchi lilikuwa tupu. Mito ilikuwa imebonyea.

Mama Mito alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa vestri. Alichosikia ni kitu kikiburutwa kwenye mawe, sssh, sssh, akadhani ni mtu anasogeza kiti.

Hawakurudi. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kesi. Wengine wana kaburi la kupalilia. Yeye alibaki na mto.

Yule afisa kijana alipanda cheo, akapanda tena, mpaka mwisho akawa mkubwa wa nchi. Watu walimwita Mkubwa, kwa heshima, na hakuna aliyesema kwa sauti alikuwa amesimama wapi Jumapili ile.

Kila mwaka, ibada ya kuwakumbuka marehemu ilipokaribia, Mama Mito alikwenda ofisini kwa Kanoni, padri aliyekuwa msimamizi wa Kanisa Kuu, akaomba jina la mdogo wake lisomwe pamoja na mengine.

"Bado mapema, mama," Kanoni alisema. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini, na alisema kwa huzuni ya kweli.

"Mapema ya nini, Kanoni? Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ananyoa ndevu."

"Tukilisoma, tumesema amekufa. Tukisema amekufa, tutaulizwa amekufaje. Kanisa hili si langu wala si lako. Ni la taifa."

"Na yeye alikuwa wa taifa gani?"

Kanoni alitazama kalamu yake. Mama Mito akarudi kwenye mito.

Wifi yake, aliyekuwa mke wa seremala, alimtembelea mara mojamoja. Alikuwa amekwisha kuolewa mahali pengine, amenenepa, ana duka la vitambaa, lakini uwifi haukufa. Walikaa kwenye chumba cha Mama Mito ng'ambo ya barabara, kitanda upande huu, cherehani upande ule, wakanywa chai.

"Wifi, utakufa umekumbatia mto kama bibi harusi aliyekimbiwa."

"Afadhali mimi nimekumbatia. Wewe ulimwachia."

"Nilimwachia ndiyo. Nilimlilia mpaka nikakauka, nikamwachia." Wifi alipuliza chai yake. "Wewe ndiye umemshika. Kila asubuhi unamwamkia, unampigia mto, unamtengenezea pa kupiga magoti. Sasa atatokaje mtu huyo? Ungekuwa wewe, ungetoka?"

"Akitoka ataenda wapi? Hana kaburi."

"Labda anajua pa kwenda. Labda anangoja mtu wa kumtoa."

Mama Mito akamwongezea chai. Alichoogopa duniani ni asubuhi moja tu: asubuhi atakayoingiza kiganja kwenye mto ule aukute umejaa, umepoa, kama mto wa mtu yeyote.

Basi mwaka huo ikatangazwa ibada kubwa ya shukrani ya taifa. Mkubwa mwenyewe angehudhuria, na mabalozi, na redio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bwana wa itifaki alikuja na viatu vinavyong'aa, akatembea kanisa zima akinusa. Mito hakuipenda.

"Hii ni mizee," alisema. "Itolewe yote. Tunaleta sponji na mahameli. Hii ikachomwe."

"Hata ya benchi la ubavuni?" Mama Mito aliuliza.

"Mama, yote maana yake nini?"

Mlingoti alikohoa. Kanoni akasema, "Mama atatekeleza." Na mama akatekeleza. Alishona mchana kutwa, mahameli mekundu juu, sponji ndani, mito imekaa sawasawa kama mikate ya kiwandani. Ukiibonyeza inarudi hapohapo, haikumbuki kitu. Mito ya zamani ikarundikwa uani, ikachomwa, na sufi ikaruka juu ya mahakama kama manyoya.

Lakini ile ya benchi la ubavuni hakuichoma. Aliivika mahameli juu ya kitambaa chake cha zamani, mshono mdogo usioonekana, akaitundika kwenye ndoano zake. Kwa macho ilikuwa sawa na mingine. Hakumwambia mtu, hata Mlingoti. Asubuhi iliyofuata alibisha, akaingia, akakimbilia pale kama msichana. Mito ya mahameli ilikuwa imebonyea safu nzima, na ule wa mwisho ulikuwa na shimo moja, upande wa kulia, lenye joto.

"Nilidhani utanisusia," alisema, akacheka peke yake, na sauti ya kicheko chake ikazunguka darini, ikamrudia ikiwa nzito kidogo kuliko ilivyoondoka.

Siku ya ibada ikafika. Mama Mito aliipiga mito ya ubavuni alfajiri, kisha akabaki vestri anapiga pasi majoho, kwa hiyo hakuona yaliyokuwa yanafanyika safu ya mbele. Bwana wa itifaki alikuwa amekuja kuhakikisha. Aliweka mto wa Mkubwa sakafuni, akapiga magoti kuujaribu. Mawe yalikuwa yamepigwa nta usiku kucha. Mto wa sponji, mwepesi kama mkate mkavu, ulichopoka, na bwana wa itifaki akaenda nao mpaka kwenye ngazi za madhabahu.

"Mnataka kuniua?" alisema, kiwiko mkononi. "Mkubwa ni mtu mzima! Akianguka mbele ya mabalozi, nitasema nini?"

Mlingoti akajaribu mwingine, ukateleza. Akajaribu wa tatu, vilevile. Jasho likamtoka. Akazunguka kanisa zima akibonyeza mito, mmoja baada ya mwingine, mpaka benchi la ubavuni. Pale akakuta mito mizito, inayokaa chini na kutulia, imeumuka vizuri, pembe zake kali. Alidhani Mama Mito kwa heshima ya benchi lile ameitengeneza kwa bidii zaidi. Hakukosea sana. Akaikusanya yote mikononi, akaipanga safu ya mbele kwa mpangilio uleule alioukuta, na ule wa mwisho, uliokuwa umejaa kuliko yote upande mmoja, akauweka mbele ya kiti cha Mkubwa. Ile ya sponji akaitundika ubavuni.

Mama Mito aliyagundua hayo kinanda kikiwa kimeshaanza. Alichungulia mlangoni pa vestri, macho yake yakaenda kwanza kulikozoea. Akaona mito ya ubavuni imenyooka kama mbao, imeinua kifua. Akageuka safu ya mbele, akatambua mshono wake mdogo.

Mlingoti alikuwa anapita na fimbo yake, uso mbele. Akamshika kanzu.

"Umefanya nini wewe?"

"Inateleza mingine," Mlingoti alinong'ona bila kusogeza midomo. "Niache, redio inasikia."

"Ya ubavuni ile. Ya wenyewe."

Mlingoti alimtazama. Uso ukamsawajika, ule uso mrefu, mpaka akaonekana kama mtu aliyechorwa kwa chokaa. Lakini maandamano yalikuwa nyuma yake, Askofu, mapadri, kwaya, na fimbo ikisimama kila kitu kinasimama. Akaenda.

Mkubwa alikwisha kuketi. Alikuwa mzee mnene, mtulivu, amevaa suti ya kijivu. Kulia kwake mkewe, kushoto spika wa bunge, nyuma walinzi. Zikasomwa risala, zikaimbwa nyimbo. Askofu akataja kwa majina walioijenga nchi, orodha ndefu, kila jina na cheo chake. Kisha akasema, "Tuombe," na kanisa lote likashuka magotini kwa kishindo kimoja.

Mkubwa alishusha magoti yake kwenye mto.

Mama Mito hakufumba macho safari hii. Alimwona akizama. Goti la kulia liliingia, likaendelea kuingia, kama vile chini ya mto kulikuwa na mtu anayelipokea. Na mguu wa kushoto, mguu mzima usio na ugonjwa wowote, ulichomoka pole pole, ukanyooka pembeni, kiatu kikaelekea juu. Spika akajikwaa juu yake alipokuwa anashuka, akaomba radhi. Mkubwa hakumsikia. Alikuwa amegeuza shingo, anatazama nyuma, kule kwenye mlango wa ubavuni.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Na kabla ya ibada walinzi walikuwa wameufunga kwa komeo.

Wote wa safu ya mbele wakaanza kujikunyata. Mke wake alivuta mtandio mabegani. Balozi mmoja akafikicha goti. Askofu akasema, watu wakaitikia, akasema, wakaitikia, na Mama Mito akasikia maitikio yakizidi sauti za waliokuwepo. Yalikuwepo mengine chini yake, machache, ya wanaume na mwanamke mmoja, yanachelewa kidogo, kama ya watu waliokuwa wamezibwa mdomo na sasa wameachiwa.

Amina ikasemwa. Watu wakainuka. Wimbo wa taifa ukapigwa.

Mkubwa hakuinuka.

Walinzi walitazamana. Wimbo ulifika katikati, nchi nzima inasikiliza redioni, naye yuko chini, goti moja limezama, mguu umenyooka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mwisho walinzi wawili wakamshika makwapani wakamvuta, na walivuta kwa nguvu, kama watu wanaotoa nguzo kwenye udongo. Alipokaa sawa alimwuliza Mlingoti, aliyekuwa karibu na fimbo yake, swali ambalo Mlingoti hakulisahau.

"Hawa mliowapanga nyuma yangu ni akina nani?"

"Ni walinzi wako, mheshimiwa."

"Si hao."

Maandamano yakatoka kuelekea mlango mkubwa, juu ya zulia jekundu lililotandazwa katikati. Mkubwa alitembea akiburuta mguu wa kushoto. Na kwenye zulia, nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, Mama Mito aliona nyuzi zikilala chini na kuinuka, zikilala na kuinuka. Ilikuwa miguu mingi, ya watu wanaotembea bila haraka. Watu wa pande mbili walivuta miguu yao ndani ya mabenchi kupisha, huku wanaimba, bila kujua wanampisha nani. Karibu kabisa na Mkubwa, bega kwa bega, zilikuwa nyayo za mguu wa kulia tu, na kando yake mstari mrefu, sssh, sssh.

Alitaka kuita. Wakapita. Wakashuka ngazi. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukakaa wazi muda mrefu kuliko mtu mmoja anavyohitaji kuingia, na gari likaondoka limelala kwenye magurudumu kama lililobeba simenti.

Asubuhi iliyofuata Mama Mito alirudisha mito benchi la ubavuni. Asubuhi nyingine akaenda kuitazama. Ilikuwa imejaa. Akaingiza kiganja kwenye ule wa mwisho. Sufi tupu, imepoa.

Akangoja. Akaja tena kesho yake, na keshokutwa, akashusha mto, akautazama, akautundika. Kanisa lilikuwa jengo tu. Sauti yake darini ilirudi vilevile ilivyotoka. Mgeni mmoja aliyeingia kukimbia jua akalikalia lile benchi, akala ndizi, akalala usingizi mzuri.

"Hata kwaheri," Mama Mito alimwambia Mlingoti. "Nimempigia mto miaka yote ile, ameondoka na mtu aliyemuua, hata kwaheri hakuniambia."

Mlingoti alikuwa ameketi kwenye ngazi, fimbo magotini. Tangu siku ile alikuwa amepungukiwa na mizaha.

"Dereva wa kule ikulu ni shemeji wa mpiga kinanda," alisema. "Anasema Mkubwa hali peke yake tena. Anaamuru viti viongezwe mezani. Akiulizwa ni vya nani, anasema subirini wakae. Na hapigi hatua kabla hajageuka kungoja. Anangoja mtu anayetembea taratibu." Akaifuta fimbo kwa kiganja. "Mama, mimi sikujua. Naapa mbele ya hii madhabahu."

"Najua hukujua."

"Umenikasirikia?"

Alifikiri. "Nimekuonea wivu," alisema. "Wewe ndiye uliyemtoa."

Mlingoti aliiweka fimbo chini, akampisha nafasi kwenye ngazi.

Ulikuwa mchana, siku ya kazi, Mama Mito amekaa vestri anafumua mahameli ya mto mmoja, Kanoni alipoingia kwa haraka isiyo yake. Mashavu yalikuwa yamempanda rangi. Alishika kiti, akakaa mbele yake kama mtoto mwenye habari njema.

"Mama. Tumeletewa ujumbe kutoka kule juu. Yeye mwenyewe ameomba. Anataka ibada maalumu, anataka majina ya watu wa benchi lile yasomwe, yote, redioni. Yeye mwenyewe! Mama, umeomba muda mrefu kiasi gani? Sasa ndiyo wakati." Akatoa kalamu. "Nipe jina kamili la mdogo wako. Nitaanza na yeye."

Mama Mito aliendelea kuvuta uzi, ukatoka wote, mrefu. Nje bomba la bustani lilikuwa linadondoka.

"Hawako hapa tena, Kanoni."

"Ndiyo, mama, tunajua, ndiyo maana tunataka…"

"Sikusema hivyo. Walikuwa hapa. Nilikuja nikakwambia kila mwaka, walikuwa hapa, wamepiga magoti, mita chache kutoka ofisini kwako. Ungewasomea wangesikia. Sasa wametoka." Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Jina lake mwulizeni huyo aliyewatuma. Anaishi naye. Wanakula pamoja."

Kanoni alibaki na kalamu hewani. Kwa mara ya kwanza alitazama huku na huku ndani ya vestri ile, kwenye majoho yaliyotundikwa, kama aliyehisi kwamba yametazama upande mwingine.

Mama Mito alichomeka shazia kwenye mto uliokuwa nusu wazi, akauweka mezani. Alivaa viatu vyake vya kutokea. Alipita katikati ya kanisa, penye zulia, si kandokando kama wafanyakazi wanavyopita, akatoka kwa mlango mkubwa unaofunguliwa kwa ajili ya majeneza na marais. Chini ya ngazi alisimama kidogo, akitazama barabara pana pande zote mbili, kama anayetafuta nyayo. Halafu akashika upande ambao gari la Mkubwa lilielekea.

Mlingoti alimwona akitoka, akadhani anakwenda kununua uzi. Jioni alimwambia Kanoni asifunge lango bado. Kesho yake chumba cha ng'ambo ya barabara kilikutwa kimefagiwa, shuka juu ya cherehani. Wifi yake alipoulizwa alisema kwake hakufika, kisha akauliza kwa upole ameondoka akielekea upande gani, na alipoambiwa, akaitikia kwa kichwa tu na kuendelea kupima kitambaa.